Mpaka Maneno Yanapoachana

Kulikuwa na kinyozi ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. Wateja walimbandika jina la Redio, naye akalipokea kwa mikono miwili, akaliandika kabisa kwenye kioo cha saluni yake kwa rangi nyekundu. Ukikaa kwenye kiti chake, akakufunga kitambaa shingoni, hukuwa tena na haja ya kufungua kinywa. Ukianza, "Leo nataka unipunguze...," mwenzio ameshafika mwisho wa safari: "Pembeni, juu niache, ndevu nichonge, nimekuelewa." Na kweli alikuwa akipatia. Watu wanaokuja kunyolewa wana matakwa machache, hayahitaji mganga. Ila mtu akipatia mara nyingi huanza kudhani anapatia kila mara, na hapo ndipo matatizo ya Redio yalipoanzia.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa. Alifanya kazi kwenye kampuni ya maji ya mji, upande wa kompyuta, na programu zinazofungua na kufunga maji mji mzima aliziandika yeye. Redio alimwita Injinia, mbele ya watu na hata wakiwa wawili tu, kwa majivuno ya mwanamume anayejua kwamba kaoa juu ya kimo chake. Ndoa yao ilikwenda vizuri. Mmoja alisema, mwingine alisikiliza, na siku ambayo msikilizaji alitamka neno, nyumba nzima iligeuka kumfuata.

Mwaka jana, asubuhi moja, Injinia akiwa ameinama kufunga viatu aende kazini, upande wa kulia wa mwili ukamgomea. Kiharusi. Redio alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, na njia nzima hakunyamaza. Aliongea na dereva, akaongea na mlinzi wa hospitali, akaongea na muuguzi aliyekuwa akimsukuma pembeni ili afanye kazi yake. Hata mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi ulipofungwa, aliendelea kuongea na mlango.

Basi Mungu akasaidia, mkono ulirudi. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa kuchechemea kidogo. Kilichochelewa ni maneno. Si kwamba Injinia hakuwa na akili zake. Alizijua hesabu zake zote, alijua nani kamkosea na nani kamtembelea. Ila neno lilikuwa likifika kwenye ncha ya ulimi na kukwama, hasa maneno ya vitendo. Dirisha angeweza kulitaja vizuri tu. Kama anataka lifunguliwe au lifungwe, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini, mama mmoja mpole wa miwani, alimwita Redio pembeni. "Baba, mgonjwa anapotafuta neno, wewe usim..."

"Nisimmalizie, nimpe nafasi, nimekuelewa daktari, hilo ondoa shaka."

Yule mama alimtazama juu ya miwani kwa muda. "Ndiyo," alisema. "Hilo hilo."

Redio alirudi nyumbani na nia njema tele. Lakini nia ni kitu kimoja na mdomo ni kitu kingine. Injinia akisema, "Dirisha...," yeye ameshasimama: "Nifunge? Baridi, eeh? Haya, nimefunga." Kumbe mwenzie alitaka lifunguliwe, anatokwa jasho. "Dawa..." "Umeshakunywa, usiwe na wasiwasi." Kumbe dawa zimekwisha. Mwanzoni Injinia alitikisa kichwa, akajaribu tena, akaanza upya. Kila akianza upya, Redio anamrushia maneno matano mengine, yote kwa upendo, mpaka lile alilokuwa akilitafuta linazama kabisa. Baadaye mama wa watu akachoka. Neno moja lilikuwa halimsumbui kulitoa, nalo ni "ndiyo." Akawa analitoa hilo ili apumzike. Dirisha lifungwe? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo, na njaa inamuuma. Redio alipokuwa saluni aliwaambia wateja, "Mke wangu anaendelea vizuri sana, sisi siku hizi tunaelewana kwa nusu neno." Usiku akilala alijua moyoni kwamba mkewe anazidi kunyamaza, na jambo hilo lilimuuma, na kwa vile lilimuuma, kesho yake aliongea zaidi.

Kisha ikaja simu kutoka kazini. Mkuu wa Mitambo aliongea na Redio mwenyewe. Likizo ya ugonjwa ilikuwa inafika ukingoni, na ofisi haiwezi kusubiri zaidi. Injinia aje Alhamisi asubuhi, akae kwenye mashine yake, apewe kazi ya kweli, wamwone. Akiweza, anarudi kitini kwake. Asipoweza, atastaafishwa kwa ugonjwa, na hakuna atakayemlaumu.

"Na wewe shemeji uje naye," Mkuu alisema. "Utatusaidia kutueleza anachosema."

"Umempata mtu mwenyewe," alijibu Redio.

Usiku ule Injinia alipiga pasi shati lake la kazini, akalikunjua, akalipiga tena. Mumewe alimtazama. Alijua, kama kila mtu aliyeishi na yule mwanamke alivyojua, kwamba ile kazi ilikuwa ndiyo mahali pake duniani. Nyumba aliipenda, mume alimvumilia, lakini kule kwenye chumba cha mitambo ndiko alikokuwa mzima. Wakimtoa kule, atakaa kwenye kochi na kusema ndiyo mpaka afe.

Alhamisi saluni haikufunguliwa. Walipanda ngazi za kampuni ya maji taratibu, yeye kashika kiwiko cha mkewe, wakaingia kwenye chumba chenye ubaridi wa viyoyozi na mlio mmoja wa feni usiokoma. Ukutani kulikuwa na ramani ya mabomba ya mji. Meza ya Injinia ilikuwa dirishani, na kiti chake kilikuwa bado na mto mdogo wa mgongoni alioushona mwenyewe. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke wanayemwita Jirani kwa sababu hiyo hiyo ya meza, alimkumbatia bila kusema kitu, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono na kurudi haraka kwenye kazi yake ya bili.

Injinia alikaa. Akawasha kompyuta, na mbele yake likafunguka dirisha jeusi, tupu, lenye kimstari kimoja kinachopepesa. Hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yake. Hapo hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika agizo, mashine inalitekeleza papo hapo na kukujibu, unaandika jingine. Ukitaka koki ya kaskazini ifungwe, ni lazima ujue jina la agizo lake.

Akaweka vidole kwenye kibodi. Vidole vikatulia. Redio, aliyekaa kwenye kiti cha wageni nyuma yake, aliona shingo ya mkewe ikikakamaa, akajua kwamba neno la kwanza halijaja. Alitamani kumsaidia, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hajui hata neno moja la kurusha.

Injinia akahamisha kidole kidogo cha kushoto mpaka kwenye kitufe cha Tab, akakibonyeza. Mashine ikalia: ting. Akabonyeza tena, na maandishi yakatokea:

Yapo maneno zaidi ya mia nne. Niyaonyeshe yote? n/h

Injinia akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kile cha zamani cha puani ambacho Redio alikuwa ameshakizika kimoyomoyo. Akabonyeza n ya ndiyo, na maneno yakaanza kushuka kwenye skrini, safu kwa safu: bomba, chujio, kipimo, koki, pampu, tanki, na kila moja na ndugu zake. Yote aliyabatiza yeye. Yalikuwa yamekaa pale miezi yote, hakuna hata moja lililopotea. Alikuwa akiyasoma huku midomo ikicheza, na Redio alilazimika kutazama ramani ya mabomba kwa bidii ili asilie mbele ya watu.

"Anafanya nini?" Redio alimnong'oneza Jirani.

Jirani alisogeza kiti. "Hiyo mashine inamkamilishia. Anaandika herufi mbili tatu, anabonyeza pale, yenyewe inamalizia jina. Tazama."

Injinia aliandika ta, akabonyeza. Mashine ikajaza: tanki_ na kusimama hapo. Ting.

"Mbona imekwama?" Redio aliuliza.

"Haijakwama, shemeji. Yapo matanki matatu, la chini, la kati na la juu. Mpaka kwenye neno tanki ina uhakika. Kuanzia hapo maneno yanaachana, kwa hiyo inamwachia mwenyewe."

"Si ichague tu? Iweke la chini, kama silo atafuta."

"Mashine inayochagua yenyewe hatuiweki humu ndani," Jirani alisema. "Humu ukikosea neno, mtaa unakosa maji."

Injinia aliongeza j, akabonyeza, ikajaa: tanki_juu. Akaweka nukta, akabonyeza mara mbili, na chini yake yakajipanga mambo yote ambayo tanki la juu linaweza kufanyiwa: funga, jaza, kagua, kina, kina_wiki, osha. Aliyatazama moja baada ya jingine bila haraka. Mashine ilimsubiri. Kimstari kilipepesa tu, wala hakikumwuliza kama amechoka.

"Haya majina tulimsema sana alipoyaweka," Jirani aliendelea kunong'ona. "Sisi wengine tulizoea kuanza na kitendo. Funga koki. Jaza tanki. Yeye kakataa katakata, anasema kitu ndicho kianze. Kitu unakiona, anasema, hukisahau. Kitaje kwanza, halafu uonyeshwe unaweza kukifanyia nini. Tukamwona msumbufu."

Redio hakujibu. Na mtu akikwambia kwamba Redio hakujibu, ujue kuna jambo limemwingia.

Mkuu wa Mitambo akaingia, simu mbili mkononi na ya tatu inaita mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watu wanaompigia kelele. Alimsalimia Injinia kwa heshima, akamuuliza hali, kisha akaingia kwenye mambo. Watu wa mlimani walikuwa hawapati maji tangu juzi. Maji ya mlimani hushuka kutoka tanki la juu, na tanki la juu kipimo kinaonyesha limejaa pomoni. Mafundi wamefukua barabara wakitafuta bomba lililopasuka, hawajaona hata tone. Sasa yeye anaona msukumo umepungua, na anafikiria kuwasha pampu ya akiba ili isukume maji kutoka kwenye tanki. Pampu mpya, haijawahi hata kufanya kazi.

"Kazi yako ndiyo hiyo," alimwambia Injinia. "Tuambie tatizo liko wapi."

Injinia aliandika, akabonyeza, akachagua kina. Mashine ikajibu: mita nne nukta mbili sifuri. Limejaa.

"Hilo tunalo," Mkuu alisema.

Lakini Injinia aliikazia macho ile namba kama mtu anayetazama uso wa mtoto anayedanganya. Kisha akageuza kiti, akawatazama. "Tanki," alisema. "Tanki la juu... tanki la juu..."

"Limejaa!" Redio alidakia, mikono hewani. "Anasema limejaa, Mkuu, tanki halina neno. Tatizo ni msukumo!" Neno msukumo alikuwa amelisikia dakika hiyo hiyo.

"Ndivyo ninavyoona na mimi," Mkuu alisema, akainua mkono wa simu ya mezani. "Injinia, tuwashe pampu?"

Injinia alitikisa kichwa kwa nguvu. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ndiyo."

Macho yake mwenyewe yalijaa hofu. "Ndiyo," alisema tena, kichwa kikikataa. "Ndiyo, ndiyo..."

Redio alimwelewa wakati ule ule. Hilo ndilo neno lililokuwa karibu. Na aliyemfundisha ni yeye Redio, nyumbani, siku baada ya siku, dirisha baada ya dirisha, mpaka kukataa kukakosa mlango wa kutokea. Alijisikia vibaya kuliko siku aliyombeba mgongoni.

Mkuu alikuwa ameshapiga simu kwa mlinzi wa tanki la juu. "Hallo? Sikiliza, hiyo pampu ya akiba..."

Injinia akanyoosha mkono na kukandamiza kitako cha simu. Ikakata. Jirani akashika mdomo, maana Mkuu hajawahi kukatiwa simu na mtu tangu aajiriwe. Injinia akageukia dirisha lake jeusi. Ta, Tab. J, Tab. Nukta. K na i, Tab, mashine ikajaza kina na kusimama, ting, akaongeza mstari wa chini, Tab, na neno likakamilika lenyewe: kina_wiki. Akabonyeza kutekeleza, na namba zikashuka, saa kwa saa, tangu mwanzo wa wiki. Mwanzoni zilipanda na kushuka jinsi maji ya tanki yanavyofanya watu wakioga na kufua. Halafu zikafika nne nukta mbili sifuri. Kuanzia hapo ni nne nukta mbili sifuri mpaka chini ya skrini, haibadiliki hata chembe.

Jirani aliinuka na kusogea. "Mlima mzima umeoga na kufua," alisema polepole, "na tanki halikushuka hata unywele?"

Mkuu alikaa kwenye ukingo wa meza. Alikuwa mtu wa mitambo, hakuhitaji kuchorewa. Kama kipimo kimeganda pale juu, basi mashine inaamini tanki limejaa, na kwa hiyo haijalijaza tangu kilipoganda, nalo limekwisha maji. Na pampu ikiwashwa kwenye tanki lisilo na maji inavuta hewa, na ikivuta hewa inaungua kabla hujamaliza kujuta. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Sawa," alisema. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa la haki, ingawa lilikuwa gumu. "Injinia, kuona umeona. Lakini mwenye kiti hiki lazima aweze kutoa agizo kwa simu. Yule mzee kule juu hana skrini, ana masikio tu. Siku sipo, Jirani hayupo, ni wewe na yeye. Mwambie mwenyewe afanye nini." Akapiga namba, akaweka simu mezani kwa sauti ya wazi.

"Hallo, Mkuu?" ilisema sauti ya mlinzi, na upepo nyuma yake. "Simu imekatika. Niwashe pampu?"

Injinia alishika ukingo wa meza. Midomo ilitafuta, haikupata. Akamgeukia mumewe, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Redio alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamejaa humo kama kawaida, yanasukumana: tupu, bovu, asiwashe, asubiri, apande, aangalie. Safari hii alikuwa na hakika kwamba anajua. Lakini alikumbuka kwamba hata kwenye dirisha alikuwa na hakika, na kwenye dawa, na sasa hivi tu kwenye tanki.

"Tanki la juu...," alisema. Na hapo akasimama.

Aliuma ulimi. Si msemo tu, aliuma kweli, mpaka akaonja chumvi. Feni ililia. Mlinzi kwenye simu akasema hallo, hallo. Mkuu akataka kuinua mkono, Jirani akamshika shati kwa nyuma.

Injinia alitazama skrini, kwenye ile orodha ya mambo yanayoweza kufanyiwa tanki, akapita nayo kwa kidole. "Tanki la juu," alisema. Pumzi. "Ka... Kagua."

"Nikague tanki? Nipande?"

"Ndi..." Alinyamaza. Akalimeza lile neno, akatafuta jingine. "Panda."

Walisikia viatu vya mlinzi kwenye ngazi ya chuma, ngazi nyingi, na kuhema kwake. Walisikia mfuniko ukivutwa. Halafu kimya, halafu sauti ikitoka kama iko ndani ya pipa: "Weee! Pakavu! Humu hata chura hana pa kulala! Na hili boya la kipimo limenasa kwenye bomba huku juu!"

Jirani alipiga makofi mara moja, akajizuia. Injinia alisogea karibu na simu, na safari hii hakutazama skrini wala hakumtazama mtu. Alikuwa amefumba macho.

"Koki," alisema. "Fungua." Wakasubiri. "Jaza." Wakasubiri tena. "Pampu..."

Hapo palikuwa pembamba na pabaya. Mlinzi mkono wake uko karibu na swichi, na upande mmoja wa neno ni washa na upande wa pili ni lile jingine. Redio alishika viti vyote viwili alivyovifikia. Alisubiri mpaka akaona kwamba kwa muda ule angeshamaliza kunyoa kichwa cha mtu mzima. Injinia alihema, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Pampu u... usi..." Akafumbua macho. "Usiwashe."

"Nimekupata, Injinia," mlinzi alisema. "Nafungua koki, najaza, pampu siigusi. Halafu karibu tena kazini mama, tumekukosa." Akakata.

Mkuu hakutoa hotuba. Alizunguka meza, akasimama mbele ya Injinia kama anayetaka kusema mengi, kisha akasema, "Jumatatu uje." Alipofika mlangoni akageuka. "Shemeji, nakushukuru kumleta. Ila Jumatatu wewe ukae saluni."

Walicheka wote, na Redio alicheka kuliko wote, maana hajawahi kufukuzwa mahali kwa furaha namna ile. Alimshika Jirani mkono kwa mikono yake miwili. Aliishukuru hata mashine, akaipapasa juu kama anavyopapasa kichwa cha mtoto baada ya kumnyoa, na Jirani akamwambia aiache, atazima kitu.

Waliteremka ngazi taratibu. Nje jua lilikuwa kali na watu wanapita na shughuli zao. Kwenye kidato cha mwisho Injinia alisimama, akapumzisha mguu, akamtazama mumewe.

"Leo," alisema, "ume..."

Redio alisubiri. Mama mmoja mwenye ndoo aliwazunguka, akaguna, akapita. Redio alisubiri.

"Umenyamaza," alisema Injinia. Neno zima, la kitendo, limetoka peke yake.

Redio alitaka kujibu kwa mzaha. Alikuwa nao tayari, mzaha mzuri tu. "Mke wangu," alianza, "mimi na..." Na maneno yakakwama. Alijaribu tena. "Mimi na..." Hakukuwa na kitu. Yeye, Redio, aliyeongea na mlango wa hospitali, alisimama mbele ya watu wanaopita, mdomo wazi, na machozi yakamshuka mpaka kwenye kidevu alichokichonga asubuhi ile mwenyewe.

Injinia hakumsaidia. Hakumwambia basi, hakumwambia nyamaza, hakumpa hata neno moja la kushikilia. Alimshika mkono akasimama naye pale pale juani, akimtazama usoni, na hakuwa na haraka yoyote. Redio hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusubiriwa hivyo. Na kwa kuwa alisubiriwa, lile neno lililokuwa chini ya maneno mengine yote, lile alilokuwa akilipigia kelele miezi yote ili asilisikie, likapata nafasi ya kupanda.

"Nashukuru," alisema, "hukufa."

Injinia alimkaza mkono.

"Na mimi," alisema.